Daftari la vipimo lisigeuzwe hati ya mashtaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo makala nyingi za afya hulipita kwa haraka. Kinapoandikwa kisukari cha watoto, wasomaji huelezwa dalili zake, huelezwa kazi ya insulini na namna ya kuchoma sindano, kisha mwishoni huongezwa sentensi moja kwamba mtoto anahitaji upendo na msaada wa familia. Mimi ni baba wa kijana wa miaka 15 anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu alipokuwa na miaka 8. Katika miaka hii 7 nimeona kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyostahili kuandikiwa makala nzima, kwa sababu msaada wa familia una namna zake, na namna mojawapo, ambayo niliitumia kwa muda mrefu nikiamini kuwa natimiza wajibu wangu, humfundisha mtoto kuuficha ugonjwa wake kwa watu walewale anaowahitaji ili aishi.

Nitaeleza lililotufika. Mwanangu alipokuwa na miaka 12 tulikwenda kliniki kama kawaida, naye akatoa daftari alilokuwa akiandikia vipimo vyake vya sukari. Lilikuwa daftari la kupendeza: 6, 7, 6.5, 8, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Mwuguzi aliwasha mashine ya kupimia na kuzisoma kumbukumbu zake, na humo mlikuwa na 14, 17, 19, namba za juu mno, pamoja na siku nzima ambazo hapakuwa na kipimo chochote. Majibu ya HbA1c, yaani kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, yalikubaliana na mashine. Nilishikwa na aibu, aibu ikageuka hasira, nikaanza kumkaripia mtoto mbele ya watu kwa kusema uongo. Mwuguzi aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba, akikwambia nyumbani kuwa sukari ni 17, neno lako la kwanza huwa lipi?" Nikiwa bado natafuta jibu, mwanangu akajibu bila kuinua macho: "Huwa anauliza nimekula nini."

Umekula nini? Swali hilo lina maneno mawili tu, na mzazi anayeliuliza anaweza kuapa kwamba anatafuta sababu ili asaidie. Mtoto halisikii hivyo. Anasikia kwamba kosa limekwisha kuthibitishwa na kilichobaki ni yeye kukiri. Akiulizwa hivyo mara 4 kwa siku, mwaka hadi mwaka, ataacha kupima, kwa kuwa kisichopimwa hakiulizwi, au atapima na kuandika namba itakayowaridhisha wakubwa. Mwanangu alifanya yote mawili. Siku ile nilimwita mwongo, lakini leo nasema wazi kwamba uongo ule niliulea mimi.

Inafaa kwanza tuelewe kwa nini namba ile haiwezi kumweleza mzazi tabia ya mtoto. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe hushambulia na kuharibu zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoishusha sukari katika damu. Hakuna kitu alichokula mtoto, wala kosa la malezi, kilicholeta hali hiyo. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huipima sukari na kuirekebisha usiku na mchana bila mwenyewe kujua. Mtoto mwenye kisukari amekabidhiwa kazi hiyo aifanye kwa akili yake na vidole vyake: akadirie wanga uliomo katika chakula, ahesabu vipimo vya insulini, abashiri kama mchana atakimbia uwanjani au ataketi darasani. Na hata akikadiria sawasawa, sukari inaweza kupandishwa na homa, na wasiwasi wa mtihani, na usingizi mbovu, na insulini iliyoharibiwa na joto, na sindano iliyochomwa mahali palipokwisha kuvimba kwa kuchomwa mara nyingi. Mazoezi ya jioni yanaweza kuishusha saa nyingi baadaye, mtoto akiwa amelala. Anapobalehe, homoni za ukuaji huidhoofisha kazi ya insulini, hivi kwamba dozi iliyomtosha mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Kijana anaweza kufanya mambo yaleyale kwa siku mbili mfululizo na bado akapata namba mbili zisizokaribiana hata kidogo.

Nakiri kwamba ukali wangu ulitokana na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, unaojulikana kwa kifupi chake DCCT, ambao uliwahusisha watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya macho hayo kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Daktari alinieleza habari hiyo mapema, nami nikaishika kama silaha. Kila nilipoona 16 niliona upofu. Nililokuja kulijua baadaye, na ambalo wazazi wengi hawaambiwi, ni kwamba ndani ya utafiti huohuo walikuwamo vijana 195 wa miaka 13 hadi 17, na wale kati yao waliopewa matibabu ya karibu, wakifuatiliwa na wataalamu kuliko familia yoyote inavyoweza kumfuatilia mtoto wake, wastani wao wa sukari ulibaki juu ya ule wa watu wazima waliopewa matibabu hayohayo. Tena, waliotibiwa kwa ukaribu huo, wakubwa kwa wadogo, walipatwa na sukari kushuka vibaya takriban mara 3 zaidi ya wenzao. Mzazi anayeyajua haya yote kwa pamoja hatapunguza juhudi, lakini hatakuwa mwepesi wa kuiita kila namba ya juu uvivu, wala wa kudai namba za chini kana kwamba hazina gharama.

Uaskari huu wa wazazi una umri mkubwa kuliko insulini yenyewe. Kabla ya Januari 1922, wakati Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipochomwa insulini huko Toronto na kuwa binadamu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo, njia iliyoweza kuwaongezea watoto hawa miezi kadhaa ya uhai ilikuwa kuwanyima chakula kwa kipimo kikali. Kazi ya mzazi mwema zama zile ilikuwa kulinda kabati. Insulini imetuondolea kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 100 sasa, ila wengi wetu bado tumesimama mlangoni pa kabati.

Jambo la kwanza tulilolibadilisha nyumbani baada ya siku ile ya kliniki lilikuwa maneno. Tulikuwa tukisema "sukari yako leo mbaya" au "leo umefanya vizuri," na mtoto wa miaka 8 hana uwezo wa kutenganisha sukari mbaya na mtoto mbaya. Sasa tunasema iko juu, iko chini, au iko ndani ya kiwango, kiwango ambacho kwa watoto wengi hutajwa kuwa kati ya 3.9 na 10 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Nilijifunza kusema "asante kwa kupima" kabla ya neno lingine lolote, na baada yake kuuliza tufanye nini. Isidhaniwe kwamba lilikuwa jambo jepesi. Kwa wiki nyingi mwanangu hakuniamini. Alikuwa akinisomea namba ya juu kwa sauti huku akinitazama usoni, na nilichelewa kutambua kwamba uso wangu nao ulikuwa ukiuliza umekula nini.

Upande wa chini wa namba una hofu yake, nayo huishi zaidi usiku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mtoto anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa. Ikishuka zaidi anaweza kupoteza fahamu au kupatwa na degedege. Mke wangu kwa miaka mingi aliamka saa 8 usiku, akamgusa mtoto shingoni kuona kama ana jasho, akampima kidoleni kwa mwanga wa tochi. Mimi nilikuwa nimelala. Nasema hivyo kwa uzito, kwa sababu nimezungumza na wazazi wengine na nimeona kwamba katika nyumba nyingi kazi hugawanyika namna hiyo: mama huubeba mwili wa mtoto, baba huibeba hukumu. Mke wangu alipendelea mtoto alale na sukari iliyo juu kidogo ili usiku upite salama. Mimi niliamka asubuhi, nikaona 13, nikamlaumu. Kila mmoja wetu alikuwa akimlinda mtoto dhidi ya hatari ya kweli, yeye dhidi ya usiku ule na mimi dhidi ya miaka 20 ijayo, na hatukuwahi kuketi tukaambiana hivyo. Tulichofanya ni kugombana kwa sauti ya chini tukidhani kuta ni nene. Watoto wengi huamini kwamba ugomvi wa wazazi wao umeletwa na ugonjwa wao. Mwanangu aliamini hivyo kwa haki, maana jina lake ndilo alilokuwa akilisikia.

Kuna tukio moja la sukari kushuka ambalo bado linaniuma. Alikuwa na miaka 10. Nilimtuma kitu akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea, nikamwambia aende chumbani akae peke yake mpaka ajue kuongea na mkubwa. Mdogo wake wa kike ndiye aliyemfuata, akarudi mbio kutuambia kaka anatetemeka. Alikuwa na 2.8. Ubongo hutegemea sukari, nayo ikipungua mtoto mpole anaweza kuwa mkali, mkaidi au mwenye kulia bila sababu, na dakika chache baadaye asikumbuke alichosema. Tulimpa kinywaji chenye sukari, tukasubiri dakika 15, tukampima tena, kama tulivyofundishwa. Utaratibu huo ulikuwa ukijulikana na kila mtu mle ndani, hata mtoto wa miaka 5, isipokuwa kwamba mimi niliyeujua zaidi nilitanguliza adhabu. Tangu siku hiyo hakuna anayeadhibiwa katika nyumba yetu kabla ya kupimwa. Wapo walioniambia kuwa kwa njia hiyo atajifunza kujificha nyuma ya kisukari. Hilo halijatokea. Kipimo kikiwa sawa, karipio hufuata kama kwa mtoto mwingine yeyote, naye mwenyewe huliona ni la haki.

Nimemtaja mdogo wake, na ningependa kumzungumzia zaidi, kwa sababu ndugu wa watoto hawa ni watu wanaosahaulika katika kila mazungumzo ya kisukari. Alipotimiza miaka 7 alianza kulalamika kiu, akawa anakwenda chooni mara kwa mara usiku. Mzazi ambaye amewahi kuziona dalili hizo kwa mtoto wa kwanza hahitaji kuambiwa moyo wake ulivyofanya. Tulimpima mara tatu katika siku mbili, na kila mara sukari yake ilikuwa ya kawaida. Mke wangu ndiye aliyemkalisha na kumuuliza polepole, akasema: "Nilitaka na mimi muniulize ninajisikiaje." Kwa miaka miwili tulikuwa tukiingia nyumbani na kumuuliza kaka yake habari za sukari kabla ya kumsalimu yeye. Alikuwa pia amejiwekea hofu ambayo hakuna aliyemwondolea: aliamini kwamba akifika umri ule wa kaka yake zamu yake itafika. Ni kweli kwamba ndugu wa tumbo moja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha aina ya kwanza kuliko watoto wengine, lakini zaidi ya 90 kati ya kila 100 hawakipati kamwe, na mtoto akielezwa hivyo kwa lugha ya umri wake hulala vizuri zaidi. Kilichomsaidia kuliko maelezo ni saa moja kila wiki, yake na mimi, ambayo ndani yake neno sukari halitajwi. Naye pia tulimwondolea kazi ya upelelezi tuliyokuwa tumempa bila kufikiri, ile ya kutuletea habari za kaka yake amekula nini akiwa na wenzake. Ndugu aliyefanywa mlinzi hawezi tena kuwa mwenza wa kucheza.

Kuhusu jamaa na marafiki sitasema mengi. Wengi huja kwa nia njema na kumlaumu mama kwa kumpa mtoto vitu vitamu, au humnyang'anya mtoto sahani mbele ya wageni, au hunong'ona kuhusu mustakabali wake huku yeye anasikia. Ni wajibu wa wazazi, na hasa wa yule ambaye ukoo ni wake, kuzungumza nao mapema na kwa heshima. Watoto wenye kisukari cha aina ya pili, ile ambayo insulini ipo lakini mwili hauitumii vyema, hupata lawama kubwa zaidi, kwa kuwa watu huuona uzito wao na kudhani wameujua ugonjwa wote, wakati urithi nao una sehemu kubwa ndani yake. Mtoto anayechekwa kwa ajili ya mwili wake hana sababu ya kuutunza.

Sasa nifike mahali ambapo nilikosea mara ya pili, kwa kuwa naogopa msomaji asije akaelewa kwamba dawa ya ukali ni kujitoa. Baada ya aibu ile ya kliniki niliamua kumwachia mwanangu kila kitu. Nilijiambia kuwa ninamheshimu. Alikuwa anakaribia miaka 13, anajua kuchoma sindano kuliko mimi, anajua hesabu za wanga, nami nikasema ameshakuwa mkubwa. Mama yake alichoka, naye akakubali. Kwa miezi michache nyumba ilikuwa na amani ambayo hatukuwa nayo tangu zamani, kumbe ilikuwa amani ya watu wasioulizana kitu. Alianza kusahau sindano ya jioni, kisha kuiruka kwa makusudi. Mwili usipopata insulini huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe na kutoa ketoni, na ketoni zikijaa damu hugeuka asidi. Asubuhi moja tulimkuta anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alilazwa siku 4. Hali hiyo huua, na huua watoto ambao wanajua kila kitu kuhusu ugonjwa wao.

Kujua namna ya kufanya jambo ni tofauti na kuweza kulibeba peke yako kila siku bila likizo. Mtoto wa miaka 10 anaweza kujichoma sindano kwa ustadi mkubwa, na bado asiwe na uwezo wa kuikumbuka sindano hiyo akiwa katikati ya mchezo, au wa kuona leo faida itakayoonekana baada ya miaka 15. Mwanasaikolojia Barbara Anderson na wenzake huko Boston walichapisha mwaka 1999 utafiti kuhusu watoto wa miaka 10 hadi 15 na wazazi wao. Familia zilizopewa mazungumzo mafupi wakati wa ziara zao za kawaida za kliniki, mazungumzo ya namna ya kugawana kazi za kisukari bila kulaumiana, zilibaki na wazazi wanaoshiriki na zikawa na ugomvi mdogo kuliko nyingine. Lililonigusa katika habari hiyo ni unyenyekevu wa chombo kilichotumika. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Watu waliketi wakapangana nani afanye nini, na nini kisemwe namba ikiwa juu.

Nasi tulipanga, mwanangu akiwa bado kitandani hospitalini. Alichagua mwenyewe kazi za kuacha na kazi za kubaki nazo. Kupima na kuhesabu wanga alibaki nazo, akasema ni zake. Sindano ya insulini ya muda mrefu, ile ya usiku, alitaka mmoja wetu awepo, asiseme kitu, awepo tu. Kazi ya kuhakikisha kwamba insulini na vifaa vya kupimia havimaliziki ikawa yangu, na zamu za kuamka usiku anapokuwa mgonjwa au amefanya mazoezi mazito tunagawana mimi na mama yake. Kila Jumapili jioni tunatazama kumbukumbu za mashine kwa muda usiozidi dakika 20, tukitafuta nyakati ambazo sukari hupanda au kushuka kwa kujirudia, kwa kuwa namba moja haisemi kitu na namba 14 zilizopangwa zinaweza kuonyesha kwamba dozi ya asubuhi ni ndogo. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tuligundua kwamba siku zake za juu kuliko zote zilikuwa siku za somo ambalo mwalimu wake humsimamisha mbele ya darasa. Mimi ningeuliza amekula nini.

Yapo mambo ambayo familia haiwezi kuyamaliza peke yake, hata ikipangana vizuri kiasi gani. Mwanasaikolojia wa Marekani William Polonsky na wenzake walichapisha mwaka 1995 dodoso la maswali 20 la kupima ule mzigo wa moyo unaotokana na kisukari chenyewe: kuchoka, kukata tamaa, kuhisi kwamba unashindwa kila siku katika kazi ambayo haina siku ya mwisho. Mzigo huo unaweza kumpata mtu ambaye hana ugonjwa wa sonona, na unaweza pia kuja pamoja na sonona yenyewe. Kwa kijana huonekana kama uzembe. Anaacha kupima, anasema hajali, anafunga mlango. Wapo vijana, hasa wasichana ingawa si wao peke yao, wanaopunguza insulini makusudi ili wapungue uzito, na hilo ni jambo la hatari kubwa ambalo mzazi hataambiwa kamwe ikiwa nyumbani namba ya juu hupokewa kwa karipio. Kijana anayepungua uzito huku sukari yake ikiwa juu siku zote apelekwe kuonana na daktari wake na mshauri nasaha bila kuchelewa, na apelekwe na mtu aliyekwenda kusikiliza.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi kwa kliniki za watoto popote barua hii itakaposomwa. Msiwaachie wauguzi wachache wenye moyo kazi ya kuuliza swali nililoulizwa mimi. Liwekwe katika ziara za kawaida, pamoja na kupima uzito na kimo: nyumbani namba ikiwa juu husemwa nini, nani huamka usiku, ndugu zake wanaendeleaje, na je, mtoto angependa kuzungumza kidogo bila wazazi kuwepo? Nilitolewa nje ya chumba kwa mara ya kwanza mwanangu akiwa na miaka 13, nikahisi nimedharauliwa. Alipotoka alikuwa mwepesi kuliko alivyoingia, na nilijizuia kumuuliza walizungumza nini. Mzazi mmoja anayelea peke yake aliniambia kwamba katika kliniki yao hakuna aliyewahi kumuuliza kama yeye mwenyewe analala. Huyo anafanya kazi za watu wawili na kuamka usiku wa watu wawili, na kumpa ratiba ya vipimo bila kumuuliza swali hilo ni kumpa nusu ya tiba.

Ninaliomba pia gazeti lako jambo moja. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, kurasa za afya hujaa picha za vidole vinavyochomwa na orodha za dalili, na orodha hizo zinahitajika, maana watoto bado hufa kwa kucheleweshewa utambuzi. Mwaka huu tafuteni pia mtoto mmoja, na ndugu yake, na mama mmoja anayeamka saa 8 usiku, mkawaulize mambo yanavyokwenda nyumbani. Waulizeni kila mmoja kwa wakati wake.

Sukari ya mwanangu bado hupanda na kushuka. Wastani wake wa mwisho ulikuwa bora kuliko wa mwaka jana na bado haujafika pale daktari anapotaka. Daftari lake sasa lina namba za kila aina, nyingine zimeandikwa kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi. Barua hii ameisoma kabla sijaituma. Aliniomba nifute sentensi mbili, nikazifuta, na akaniomba nisitaje jina langu ili lake lisijulikane, ndiyo maana nimetia sahihi hivi.

Wako,

Baba wa kijana anayeishi na kisukari